Eda ya Mwanamke wa Televisheni

Kuna wakati niliamini, na nikawaaminisha wengine, kwamba mwigizaji mmoja wa Ulaya alikuwa amekaa eda.

Sikuamini nusu nusu. Niliamini kama ninavyoamini kwamba jua linazama nyuma ya milima ya Kongo. Habari yenyewe ilinifikia gereji, na aliyenipa alikuwa amelala chini ya gari. Rafiki yangu, fundi wa breki, alijisukuma kwa mgongo mpaka kichwa kikatokea karibu na tairi, akanieleza kwa nini tamthilia yetu ilikuwa imekatika. Katika sehemu ya mwisho tuliyoiona, bwana mkubwa wa kale, mwenye jumba la madirisha elfu moja, alimwambia mkewe, "Nakupa talaka." Baada ya hapo kimya. Wiki ikapita, ikaja nyingine, sehemu mpya haiji. Sababu, alisema fundi wa breki, ni kwamba wale waigizaji wawili ni mke na mume wa kweli, na talaka haina mchezo. Hata ukiitamka kwa mzaha imepita, seuze mbele ya kamera na mashahidi wote wale. Kwa hiyo yule mama yuko ndani anakaa eda, na wenye filamu wamesimamisha kazi mpaka amalize.

Nilimuuliza amejuaje kwamba ni mke na mume wa kweli. Akanitazama kwa huruma.

"Watu wasiooana," akasema, "hawawezi kuchukiana vizuri namna ile."

Hoja hiyo sikuona pa kuipinga. Na mimi si mtu wa kudanganywa hovyo. Mchana nauza vipuri mtaani kwetu Buyenzi, lakini nina diploma ya shule ya usiku, niliyoisomea kwa mwanga wa simu kila umeme ulipokatika, mpaka paka wa mtaani wakawa wananiuliza njia gizani. Nikaichukua habari ile kama ilivyo, ya moto, nikaipeleka nyumbani.

Naomba nieleweke kwa nini ilinikaa moyoni. Nyumbani kwetu kulikuwa na eda nyingine, ya kweli kabisa.

Dada yangu mkubwa alikuwa amerudi kwa mama kutoka mtaa wa Kanyosha na valizi moja ya nguo. Mumewe, shemeji yangu, ni muuza mbao mwenye moyo wa pamba na ulimi wa msumeno. Akikasirika anatamka, akishatamka analia. Mara ya kwanza alimpa dada talaka kwa ajili ya chakula kilichochelewa, na kabla chakula hakijapoa akawa ameshamrejea. Mara hii ilikuwa ufunguo wa ghala. Aliutafuta, akapiga kelele, akatamka talaka, kisha ufunguo ukaonekana kwenye mfuko wa suruali yake mwenyewe. Hiyo ikawa ya pili. Mwanaume ana tatu, na ya tatu inafunga mlango. Mtaani kwetu watu hawakuuliza dada yangu anaendeleaje. Walisema tu, wakipunguza sauti, "Imebaki moja."

Safari hii shemeji aliogopa. Alimtuma baba yake mkubwa aje kusema kwamba anataka kumrejea mkewe, lakini hatamrejea mpaka yeye mwenyewe aseme ndiyo kwa mdomo wake. Mzee akasema atakuja kuchukua jibu kabla eda haijaisha. Eda ikiisha bila jibu, kila mtu anakwenda zake. Kwa hiyo tulikaa tukisubiri, na hakuna nyumba isiyotulia kama nyumba inayosubiri jibu la mtu mmoja. Mama alikuwa akiosha vikombe safi. Mimi nilikuwa nikifungua mlango kabla haujabishwa. Valizi ya dada ilikaa pembeni mwa kitanda, zipu imefungwa. Kila asubuhi aliifungua, akatoa nguo moja, akaifunga tena, kama abiria ambaye hajui gari linaondoka saa ngapi.

Kwa kuwa dada hakuwa akitoka, majirani walimfuata. Baada ya sala ya alasiri sebule yetu ilijaa, mikeka mpaka mlangoni, na tamthilia ikaanza. Ilikuwa ya zamani sana, ya enzi za mishumaa na farasi, wanawake wamevaa magauni mapana ambayo Buyenzi yangetosha kushona mahema ya harusi. Watu wale walisema Kifaransa, lakini sisi hatukukisikia. Tulimsikia mfasiri.

Mfasiri alikuwa na kiduka kidogo karibu na soko. Filamu yoyote ya kigeni aliiingizia sauti yake ya Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe, akaiuza kwenye fleshi. Alikuwa mtu mmoja lakini alimsemea bwana, akamsemea bibi kwa sauti nyembamba, akamsemea mtumishi, na farasi akilia alimfafanulia farasi. Kwenye mdomo wake watu wote wa dunia walikuwa wa Buyenzi. Waliapa wallahi, walitukanana kwa mafumbo ya kwetu, na mtu akifa walisoma hitima.

Mwisho wa mkeka wa mbele, sikio likiwa karibu na spika, alikaa dada yangu na ungo wa ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, mapajani. Alikuwa akizichambua, vichwa huku, mawe kule, samaki katikati. Waliosema ni wengine, na walisema kwa ajili yake, ingawa hakuna aliyemtaja.

Kiongozi wa upande wa kurudi alikuwa mke wa fundi wa rejeta, mama mnene mwenye sauti ya muadhini. Bibi wa tamthilia akipigiwa kelele na mumewe, yeye alimtazama dada yangu kwa kona ya jicho na kumshauri bibi wa tamthilia.

"Avumilie tu. Atapata wapi bwana mwenye madirisha mengi hivi?"

Upande wa pili ulikuwa na mtu mmoja tu, lakini alitosha. Huyu alikuwa muuza vitumbua wa barabara ya pili, mjane, Mkatoliki, aliyekuja na ndoo yake na kuigeuza kiti.

"Madirisha ndiyo yatamukumbatia?" akauliza.

Ilikuwa vita, na kila jioni ilianza upya. Bwana mkubwa akileta maua, mke wa fundi wa rejeta alipiga makofi mpaka bangili zikakaribia kuvunjika. Bwana mkubwa akipiga meza, muuza vitumbua alisema mkono unaopiga meza unajifunza njia. Mama alikuwa akimimina chai na kusema methali zake, ambazo mimi nazijua tangu tumboni. Ile aliyoipenda zaidi ilikuwa hii: mwanaume mwenye hasira ni jiko la makaa, usilimwagie maji, lisogeze pembeni lipoe. Aliisema mara nyingi kiasi kwamba jiko letu lenyewe lilikuwa linaona haya.

Siku bwana mkubwa alipotamka talaka, sebule nzima iliacha kupumua. Hakuna aliyemtazama dada yangu, na kutomtazama kule kulikuwa na kishindo. Vidole vyake vilisimama juu ya ungo, kisha vikaendelea. Muuza vitumbua, labda kwa kutaka kuvunja kimya, akauliza jambo ambalo lingeweza kutuokoa wote.

"Lakini hawa watu iko na talaka gani, na pale ukutani iko musalaba?"

Tukatazama. Kweli ulikuwepo, mkubwa, wa mbao, juu ya kichwa cha bwana mkubwa.

"Ule ni wa kuning'inizia kofia," akasema mke wa fundi wa rejeta.

"Basi na mi pale kwangu naning'inizaga kofia," akajibu muuza vitumbua, na watu wakacheka, na hoja ikafa pale pale. Mimi, mwenye diploma, nilicheka kuliko wote.

Baada ya sehemu ile ndipo tamthilia ilipokatika, na ndipo nilipoleta habari ya fundi wa breki. Niliitoa nikiwa nimesimama, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa kutoa maelezo mbele ya darasa. Ilipokelewa kama mvua ya kwanza. Muuza vitumbua aliuliza eda ni nini hasa, akaelezwa kwamba ni muda mwanamke aliyeachwa anaokaa akisubiri, twahara tatu, ijulikane kama ana mimba, na mume apate nafasi ya kutuliza kichwa na kumrejea. Akafikiri, akasema kwao hakuna kitu hicho, wao wanavumiliana mpaka mmoja azikwe. Mke wa fundi wa rejeta akasema jambo liko wazi: eda ikiisha tamthilia itarudi, na tutaona kama bwana amemrejea mkewe, na akimrejea itakuwa ishara. Hakusema ishara kwa nani.

Mama aliweka birika chini, akasema inawezekana kabisa. Nilifurahi. Mama si mtu wa kukubali maneno ya gereji.

Dada yangu aliniuliza swali moja tu.

"Nani amekwambia?"

"Fundi wa breki."

"Na breki zenyewe anazijua?"

Watu wakacheka, lakini hawakuacha kuamini. Kuanzia siku hiyo Buyenzi nzima ilikuwa inakaa eda. Wateja walikuja kununua plagi, wakaniuliza yule mama wa televisheni amebakiza muda gani. Mzee mmoja wa msikitini alitaka kujua nani anamhudumia chakula. Mimi nilijibu wote, kwa makadirio ya kitaalamu.

Kila jioni nikifunga duka nilipita kwa mfasiri. Alikuwa mwembamba kama mwiko, na siku hizo alikuwa hanitazami usoni. Nikimuuliza sehemu mpya, anashika koo. Bado, anasema, koo linauma, anakunywa tangawizi. Siku nyingine nilimkuta anatazama skrini yake ndogo bila sauti, anarudisha nyuma, anatazama tena, anajikuna kichwa. Aliponiona akaizima haraka. Niliona moja kwa moja kwamba anaficha siri ya mwanamke aliye ndani ya eda, nikamheshimu kwa hilo. Nilimwambia polepole asijali, sisi tunajua. Akashtuka, akaniuliza nani amesema. Nikamwambia mtaa mzima. Nikamwacha amekaa, mikono kichwani.

Nyumbani siku zilikuwa zinapungua na hakuna aliyethubutu kuuliza. Dada alikuwa ameanza kutembea uani, kutoka karo la kuoshea vyombo mpaka lango, kutoka lango mpaka karo, mpaka kuku wakajifunza kumpisha. Simu yake ikilia tulikimbia wote, kisha tukajifanya tulikuwa tunaelekea kwingine. Shemeji alikuwa akituma ujumbe, mpole, mrefu, na dada alikuwa akiusoma hadi mwisho na kuweka simu kifudifudi. Nilimuuliza mara moja kama anamchukia. Akasema apana, hamchukii, hilo ndilo gumu lenyewe.

Mzee wa Kanyosha, yule baba mkubwa wa shemeji, akatuma salamu: anakuja Ijumaa. Na Alhamisi, bila kutangaza, mfasiri akatoa sehemu mpya.

Nilikimbia na fleshi ile mkononi kama mtu aliyebeba kaa la moto. Sebule ilijaa kuliko siku ya Idi. Hata fundi wa breki alikuja, na mikono yake ya grisi, akakaa mlangoni kama shahidi wa bibi harusi. Mama alivaa kitenge kipya. Nilidhani ni kwa heshima ya tamthilia.

Ikaanza. Bibi yumo chumbani mwake, macho mekundu. Akaingia mtumishi wake, kikongwe wa Kizungu mwenye kofia ya lesi, akamshika mkono, akafungua mdomo. Sauti ya mfasiri, nyembamba, ikiwa na kikohozi kidogo, ikasema:

"Mwanangu, mwanaume mwenye hasira ni jiko la makaa. Usilimwagie maji. Lisogeze pembeni lipoe."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mimi nilimgeukia mama nikamwambia kumbe hekima ya wazee ni moja dunia nzima. Mama alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Dada yangu alikuwa ameacha kuchambua ndagala. Hakuinua macho. Aliinamisha tu kichwa, sikio likagusa spika.

Kisha bwana mkubwa akaja, akapiga magoti, na kwa mdomo wa mfasiri akasema, "Nimekurejea." Bibi akasema amekubali, nyumba ni kuvumiliana. Mke wa fundi wa rejeta alipiga kigelegele kilichosikika, naapa, mpaka Kajaga, kule ufukweni mwa ziwa, na wavuvi wakadhani kuna harusi. Hakuna aliyejali kwamba baada ya kukubali, bibi alivaa koti la safari, akashuka ngazi, akapanda gari la farasi na masanduku yake matatu, na farasi wakaondoka mbio.

"Anakwenda wapi?" akauliza muuza vitumbua.

Mfasiri naye alilijibu swali hilo ndani ya filamu, kwa haraka. Alisema bibi anakwenda kuwaaga wazazi, atarudi kesho.

"Na masanduku?"

"Zawadi," akasema fundi wa breki, na mimi nikaafiki.

Watu walipoondoka, dada alinishika mkono, akaniomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akasogea karibu kabisa, akafumba macho. Mfasiri alipokuwa akipumua, katikati ya sentensi na sentensi, Kifaransa kilikuwa kikichungulia kidogo kidogo, kama mtu nyuma ya pazia. Dada yangu alisoma shule ya mchana, na Kifaransa chake ni cha masista. Mimi nilisoma usiku. Labda ndiyo sababu yeye aliona.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamfuata mama jikoni, nami nikiwa nyuma yake na vikombe.

"Mama," akasema, "huyu mutumishi wa Kizungu alikujua wapi?"

Mama alichukua kikombe safi, akakiosha. Halafu akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia, ndogo, kama ya mtu anayepiga hodi kwenye nyumba ya wageni.

"Mi nilikuogopea tu. Baba yenu aliponiacha nilibeba mzigo peke yangu, na ninyi mugongoni. Sikutaka na wewe ujue uzito wake."

"Najua, Mama."

"Mzee akija kesho, we sema unachotaka. Mi sitasema tena."

Nilisikia kila neno, na nikaelewa kwamba wanalinganisha hekima za vikongwe. Mtu akishaamini jambo, masikio yake yanafanya kazi ya kulilinda.

Ijumaa baada ya sala mzee wa Kanyosha akafika na kanzu nyeupe, akakaribishwa, akaletewa chai. Alizunguka kwanza, akauliza mvua, akauliza biashara ya vipuri. Dada akatoka chumbani, akakaa kwenye mkeka mbele yake, kichwa kimefunikwa vizuri.

"Baba mukubwa," akasema, "mumwambie simuchukii. Namuombea kheri. Lakini ameniachia moja, na mi nimechoka kuishi na hiyo moja. Kila akipotezaga kitu ndani ya nyumba, moyo wangu unasimama. Eda wacha iishe."

Mzee alitazama mikono yake. Nilidhani atabisha, maana amebisha hodi za watu wengi katika maisha yake. Akasema tu, "Basi, mwanangu. Nyumba haivutwi kwa kamba." Akamaliza chai yake yote, kwa adabu, akaomba dua, akaondoka. Mama alimsindikiza mpaka barabarani na hakusema methali hata moja.

Nilirudi ndani nikiwa siwezi kukaa. Nilipanga viti vilivyokwisha kupangwa. Nilimkuta dada chumbani, valizi iko wazi juu ya kitanda, anatoa nguo moja baada ya nyingine na kuzitundika kwenye misumari ya ukutani, zote, mpaka valizi ikabaki na vumbi la Kanyosha. Nilitaka kusema neno la kumfariji. Nikatafuta kwenye hazina yote ya elimu yangu, nikapata hili: nikamwambia asihuzunike, angalau wale wa televisheni wamerudiana, na yule mama eda yake imeisha salama.

Dada yangu aliacha kutundika. Alinitazama, kisha akacheka. Lilikuwa cheko la kwanza tangu arudi, la kweli, mpaka akakaa kitandani na kushika mbavu. Alipopumua, akafuta macho kwa pindo la kanga, akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu anayependwa.

"Mudogo wangu, wale si mke na mume. Ni kazi yao, jioni kila mutu anarudi kwake. Hakuna aliyetamka talaka. Bwana alisema atalala chumba kingine, ni mfasiri aliyeiongeza, maana habari yangu ilikuwa imezagaa sokoni. Na hakuugua koo. Mama alikwenda kumuomba amurudishe yule mwanamke kwa mumewe, ili na mi nirudi, na picha zikamkatalia. Yule mwanamke aliondoka na hakurudi. Aliyekaa eda ni mi peke yangu."